Kabla ya Kuhamia Ghorofani

Maelezo ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kwa wananchi wanaojiandaa kuhamia nyumba za ghorofa. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke kwa urahisi.



Miongoni mwenu wamo waliokwisha kununua au kupanga fleti, na wamo ambao nyumba zao za chini zitaondolewa kupisha ujenzi, kisha watarudi papo hapo wakiwa juu. Safari hii wengine wamekwisha kuipita. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, yalijengwa majengo marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na watu waliozoea nyumba za Ng'ambo wakapanda ngazi. Jijini Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota zilianza maisha ya ghorofani mwaka 2022 mahali pale pale zilipokuwa na nyumba za zamani za chini.

Mtu akienda kuitazama fleti huangalia vigae, rangi na ukubwa wa sebule. Hayo yataonekana hata usiku. Mimi nawaomba mtazame vile visivyokuwa vya mtu mmoja: paa, ngazi, tangi, pampu, bomba la majitaka, taa za korido. Katika nyumba ya uani, paa likivuja unajua wewe ndiye wa kumwita fundi. Ghorofani paa linavuja kwa aliye juu, wa chini hajui, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Ugomvi mwingi wa majirani ghorofani huzaliwa hapo, na ndiyo maana nasema makubaliano yatangulie mizigo.

Nianze na maji. Mara nyingi maji ya bomba hayana nguvu ya kufika ghorofa za juu yenyewe. Husukumwa na pampu hadi kwenye tangi la paani, na pampu inataka umeme. Umeme ukikatika, au pampu ikiungua, maji yaliyobaki tangini ndiyo yote mliyo nayo. Fanyeni hesabu. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 25 tu kwa siku, inahitaji lita 125. Hizo ni ndoo sita za lita 20 na zaidi, na kila ndoo ina uzito wa kilo 20. Zipandisheni hadi ghorofa ya tano, kisha mniambie kama swali la pampu ni dogo. Kwa hiyo ulizeni kabla: tangi lina ujazo gani, limegawanywa kwa fleti ngapi, nani ana ufunguo wa chumba cha pampu, na ikiharibika Jumamosi usiku anapigiwa nani. Na yule anayefikiria kujiwekea pipa kubwa kwenye roshani akumbuke kwamba lita 1,000 za maji ni tani moja. Roshani haikujengwa kubeba tani, na chini yake kuna watoto wa watu.

Sasa fedha. Yako malipo ambayo baadhi yenu hamjawahi kuyalipa maishani, yaani ada ya huduma za pamoja: umeme wa pampu na wa korido, mlinzi, usafi wa ngazi, kunyonya shimo la majitaka, matengenezo ya lifti pale ilipo. Tuchukue mfano wa jengo la fleti 24 lililokubaliana shilingi 20,000 kwa mwezi. Zikilipa zote, zinapatikana shilingi 480,000. Fleti nane zisipolipa, zinabaki 320,000, lakini bili ya umeme wa pampu haipungui hata senti, kwa sababu pampu haijui nani amelipa. Mlinzi huondoka kwanza, halafu usafi, halafu lifti inasimama. Wasiolipa wakati mwingine si wakaidi. Hakuna aliyewaonyesha hesabu. Mimi siwezi kumlaumu mama aliyeambiwa alete fedha kila mwezi bila kuonyeshwa hata stakabadhi moja. Daftari la mapato na matumizi libandikwe mlangoni mwa jengo kila mwezi, na mtunza fedha asiwe ndiye anayeidhinisha malipo.

Walionunua wafahamu kwamba sheria ipo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamtambua mwenye fleti kuwa mmiliki wa sehemu yake na mshirika wa maeneo ya pamoja, na inaweka utaratibu wa wamiliki kuwa na chama cha kuyasimamia. Anayewauzia awaonyeshe mipaka ya sehemu yenu kwenye ramani na kanuni za jengo kabla hamjatoa fedha. Wapangaji nanyi msiridhike na maneno ya mdomo: mkataba useme wazi kama ada ya huduma imo ndani ya kodi ama iko nje. Angalieni pia mita ya LUKU. Hakikisheni namba mnayopewa ni ya fleti yenu, na kwamba taa za ngazi na pampu hazichoti umeme humo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, na kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba. Basi mpangaji akubaliane naye mapema jinsi fedha iliyokatwa kwenye umeme wake itakavyorudishwa au kupunguzwa kwenye pango.

Jikoni pana hatari mbili. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya fleti, hata msimu wa baridi, hata kwa dakika za kuivisha maharage. Gesi ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Ikivuja hutulia chini, sakafuni na kwenye makabati yasiyo na upenyo, ikingoja cheche. Ukiisikia harufu yake usiwashe wala usizime taa; funga mtungi ikiwa unaufikia, fungua madirisha, toa watu. Moto ukitokea hapatumiki lifti, zinatumika ngazi, na namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hapa niwaseme vijana wetu wa bodaboda kwa upendo: pikipiki yenye petroli chini ya ngazi ni moto uliowekwa mlangoni pa kutokea. Pangeni mahali pake nje, penye mwanga na mlinzi, ili kijana naye asilale na hofu ya kuibiwa chombo chake cha kazi.

Kuna mambo ambayo wachoraji wa majengo hawayachori. Kinu ni kimoja. Sakafu yako ni dari ya mwenzio, na kutwanga kisamvu saa kumi na mbili alfajiri ni kumtwanga yeye kichwani. Tafuteni kona ya chini ya kutwangia, kwa saa zinazojulikana.

Kubwa zaidi ni msiba. Katika nyumba zetu za uani turubai husimikwa mbele, wanaume hukaa nje, akina mama ndani, na sufuria huwekwa nyuma. Ghorofa ya sita watakaa wapi watu mia? Na jeneza litashukaje kwenye ngazi yenye kona? Najua si desturi kuzungumza kifo kabla hakijabisha hodi, lakini kulizungumza leo ni rahisi kuliko kuligombania mbele ya wafiwa. Pimeni ngazi mkiwa na fundi. Kubalianeni uwanja upi wa jengo ni wa shughuli za msiba, kwa siku ngapi, na magari yatahamia wapi. Kwa maoni yangu, jengo ambalo uwanja wake wote umetolewa kwa maegesho limewanyima wakazi haki ya kuzika kwa heshima, na jambo hili liwekwe mezani wakati ramani bado ni karatasi.

La pili katika hayo ni riziki. Hapa wapo akina mama ambao kibaraza chao cha mbele ndicho duka: maandazi asubuhi, mboga jioni, barafu mchana. Ghorofa ya nne haina wapita njia. Mama huyu akihamishwa bila kufikiriwa, amepewa sakafu ya vigae na kunyang'anywa mtaji. Ombi langu kwa viongozi ni kwamba nafasi za biashara ndogo chini ya jengo zitengwe kwa wakazi kwanza, kwa kodi wanayoiweza. Na ombi langu kwenu akina mama ni kuorodhesha sasa kwa mwenyekiti wa mtaa nani anauza nini na wapi, maana isiyoandikwa haitahesabika siku ya kugawa.

Wazee na wenye ulemavu waombe ghorofa ya chini kabla ya mgao, kwa maandishi, wakiambatanisha barua ya daktari kama wanayo. Baada ya mgao ni kubembeleza jirani abadilishane nawe. Wenye watoto wadogo wakague nondo za madirisha na kimo cha ukingo wa roshani, na wasiweke karibu yake kiti, ndoo wala kreti, kwa kuwa mtoto hupanda chochote. Samani nazo zipimwe: kitanda cha mninga kilichoungwa kisifunguke hakitapita kwenye kona ya ngazi, na fundi seremala anaweza kukikata na kukitilia skrubu ukiwa bado uani kwako.

Wiki ya kwanza baada ya kuhamia, kabla hamjazoeana wala kukoseana, kaeni kikao cha jengo zima. Mchague kamati, muandike kanuni kwa Kiswahili ambacho kila mmoja anakielewa, na nakala moja mumpe mwenyekiti wa mtaa. Afisi yangu itahudhuria tukialikwa.

Naona mikono mingi imenyooshwa. Tuanze na maswali ya maji na ya ada, kisha wale waliotaka kuuliza habari za mgao wa ghorofa za chini.