Ghala Limejaa, Mtoto Hakui: Mwaka wa Familia Zetu za Milanzi

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ya familia na watoto mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Milanzi, Sumbawanga)



  Tumeombwa tuzungumze juu ya malezi ya watoto wadogo katika familia zetu. Tumeona ni vema tusilete nadharia. Tutapita pamoja nanyi katika mwaka mmoja wa familia ya kawaida hapa Milanzi, msimu kwa msimu, ili tuone mtoto anakula nini, analala wapi na anabaki na nani.

Kwanza tukumbushane jambo linalotuumiza. Mkoa wetu wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na taifa kwa mahindi. Kila mavuno malori hupanga foleni, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wana maghala yao hapa Sumbawanga. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha wamepungua hadi karibu 50, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Tumshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Hata hivyo, nusu ya watoto wetu walikuwa bado wafupi kuliko umri wao. Ufupi tungeweza kuuvumilia, lakini kudumaa kunagusa pia akili, masomo na nguvu za kazi za baadaye. Tunawalisha wengine, na wa kwetu hawakui. Swali letu la leo ni hilo.

Masika: mwezi wa kumi na moja hadi wa nne

Mvua ya kwanza ikinyesha mwezi wa kumi na moja, nyumba zetu zinafungwa na watu wanahamia mashambani. Mama anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anawasha moto na kubandika uji. Saa kumi na mbili yuko njiani, jembe begani, mtoto mgongoni. Kama mtoto ameshaanza kutembea, anaachwa nyumbani na dada yake wa miaka saba au nane. Dada huyo naye ni mtoto. Uji uliopikwa alfajiri anamnywesha mdogo wake saa nne, umepoa. Unaobaki anamnywesha saa nane, na inzi wameshaupitia.

Uji wenyewe tuuseme wazi. Ni maji mengi na unga kidogo wa mahindi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo mno, likijaa maji halina nafasi ya chakula. Mtoto anaonekana ameshiba, na mama anaondoka akiwa na amani, kumbe mtoto ana njaa iliyojificha. Uji wa mtoto unapaswa kuwa mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki kama maji. Aliyefikisha miezi sita aanze na mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa apate mara tatu hadi nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapewi.

Mwezi wa pili na wa tatu ghala linafika chini. Ndiyo miezi ya ukata, na mara nyingi Kwaresima inaangukia hapo hapo. Tunawaomba makatekista waseme bila kuficha: Kanisa halimdai mtoto afunge, wala mama mjamzito au anayenyonyesha. Wapo akina mama wenye imani kubwa wanaojinyima mpaka wanatetemeka, na wanaona aibu kuuliza.

Na bado masika yana baraka zake. Kuna majani ya maboga, mchicha wa porini, uyoga na kumbikumbi, na baadaye mahindi mabichi. Wazee wetu walikusanya vitu hivi na kuvikausha. Siku hizi kijana akiona kumbikumbi anasema ni chakula cha maskini, kisha anamnunulia mtoto biskuti dukani. Hapo tumebadilishana dhahabu na makapi.

Masika ndiyo pia wakati wa kuhara. Maji ya visima vifupi yanachafuka. Mtoto anayehara mara kwa mara hata akilishwa vizuri hakui, kwa sababu chakula kinapita tu. Mtoto akihara aendelee kunyonya na kula, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, na apelekwe zahanati mapema. Bado zipo nyumba ambako mtoto anayehara ananyimwa chakula ili "tumbo lipumzike". Tumbo la mtoto mchanga halina akiba ya kupumzikia.

Mavuno na baridi: mwezi wa tano hadi wa nane

Mvua ikikatika tunavuna maharage, kisha ulezi na mahindi. Huu ndio wakati wa furaha: harusi, Komunyo ya kwanza, shukrani za mavuno kanisani. Na hapa ndipo mtoto anapopoteza, ingawa watu wengi hawaoni.

Gunia likishashonwa, linakuwa mali ya baba. Tunasema hivi bila kumtukana mtu, maana waliotumwa kusema haya nao ni baba wa familia. Mnunuzi anakuja na mizani yake, mahitaji ya shule yanadai, mbolea ya msimu ujao inadai, mabati yanadai. Maharage yanauzwa yote kwa sababu yana bei nzuri. Ulezi unakwenda kwenye pombe. Kinachobaki ghalani ni mahindi, na mtoto anakula mahindi asubuhi, mchana na jioni mpaka mvua nyingine. Mama hakuulizwa. Baadaye kliniki, mama huyo huyo ndiye anayeulizwa kwa nini mtoto wake hakui.

Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Milanzi tuliyoitembelea, bila kuitaja jina. Walivuna vizuri. Baba ni mchapakazi, halewi, anasali. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu alikuwa na kimo cha mtoto wa mwaka mmoja. Tulipomweleza baba alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi nilidhani wembamba na ufupi ni wa ukoo wetu." Tukamuuliza bibi mzaa baba. Bibi akacheka, akasema marehemu babu yao aliinama kuingia mlangoni.

Baridi ya Ufipa nanyi mnaijua. Tupo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo unakata kama wembe. Familia nzima inasogea jikoni, mtoto analazwa karibu na mafiga, moshi unajaa. Hapo kifua kinaanza. Mtoto akipumua haraka kuliko kawaida au mbavu zikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, msisubiri asubuhi na msisubiri dawa ya jirani, mpelekeni kituo cha afya. Na kwa wenye uwezo wa kupanua dirisha la jiko au kujenga jiko lenye bomba la moshi, kazi hiyo ifanywe mwezi wa tano, kabla ya baridi.

Mwezi wa sita, kama ilivyo mwezi wa kumi na mbili, watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Jumuiya ndogondogo zitangaze nyumba kwa nyumba, asibaki hata mmoja.

Kiangazi: mwezi wa tisa hadi wa kumi

Kiangazi nyasi zinakauka na mito inapungua. Mama anatembea mbali zaidi kutafuta maji na kuni. Mboga za majani zinakuwa adimu, na aliyekausha majani ya maboga na maharage wakati wa neema ndiye anayekula sasa. Dagaa kutoka Ziwa Tanganyika wanafika sokoni Sumbawanga. Kiganja kimoja cha dagaa waliosagwa, kikichanganywa kwenye uji mzito, ni chakula kikubwa kwa mtoto mdogo.

Kiangazi pia ndiyo wakati wa kukagua ghala. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu na kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Punje zilizooza zisitengwe kwa ajili ya uji wa watoto eti "za kuuza ni hizi nzuri".

Wazee wa Ufipa walikuwa na hekima katika kilimo. Mwisho wa mvua walifunika majani kwa udongo na kutengeneza matuta ya mviringo, ntumba, wakaacha majani yaoze ndani, na msimu uliofuata wakasambaza udongo ule wenye rutuba na kupanda ulezi. Walijua kwamba shamba lisilolishwa mapema halitoi kitu baadaye. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka miwili, ndizo ntumba zake. Zikipita, ni vigumu mno kurudisha kilichopotea.

Makosa yetu wenyewe

Hatukuja kulaumu familia peke yake. Kamati yetu nayo ina ya kukiri.

Kwanza, kwa miaka mingi tulipima uzito tu. Mtoto mfupi mwenye uzito unaolingana na ufupi wake anaonekana mnene na mwenye afya, nasi tulimpigia makofi. Hatukupima kimo, kwa hiyo hatukuona.

Pili, tuliitisha semina za lishe mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, kwa sababu ndipo fedha zilipofika. Tuliwatoa akina mama shambani wakati wa palizi tukawafundisha jinsi ya kupata muda wa kumlisha mtoto.

Tatu, tuliwafundisha akina mama peke yao. Mwenye ufunguo wa ghala hatukumwalika.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo matatu.

La kwanza ni debe la mtoto. Kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano itenge debe moja la maharage kwa kila mtoto siku ya mavuno, kabla mnunuzi hajafika, na ulezi kadiri inavyoweza. Debe moja la maharage ni kilo 16 hadi 18. Mtoto akipata gramu 50 kwa siku, yaani kiganja kimoja cha mtu mzima, debe hilo linamfikisha siku 320 hadi 360. Gunia lina debe sita. Tunaomba sehemu moja ya sita ya gunia moja, mara moja kwa mwaka. Debe hilo lisiuzwe, lisikopeshwe, na ufunguo wake awe nao mama. Lisemwe kanisani na baba akiwepo.

La pili, mafundisho yote yahamie mwezi wa sita hadi wa nane, baba na mama pamoja, na mama mkwe asisahaulike, kwa kuwa katika nyumba nyingi neno lake kuhusu mtoto ndilo la mwisho. Siku za afya na lishe za vijiji na mitaa zinazofanyika kila robo mwaka ziwe pia siku zetu. Tusianzishe za kwetu pembeni.

La tatu, kila kigango kijaribu mahali pamoja pa kulelea watoto wakati wa kilimo. Bibi wawili kwa zamu, sufuria moja, maji safi, uji mzito. Jengo la kigango linakaa tupu Jumatatu hadi Jumamosi.

Kwa wafadhili wetu, asanteni sana kwa moyo wenu. Tunaomba msituletee unga. Unga tunao. Tusaidieni vibao vya kupimia kimo, matangi ya kuvuna maji ya mvua na mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Na tunaomba fedha zifike mwezi wa tano. Fedha zikifika mwezi wa kumi na mbili, zitatukuta shambani.

Mwisho, tunaomba kila kamati ikirudi nyumbani ihesabu watoto walio chini ya miaka miwili katika parokia yake, kwa majina. Mvua hizi zikikatika tutakutana tena, na hatutaulizana tumefanya semina ngapi. Tutaulizana ni madebe mangapi yaliyobaki ghalani baada ya mnunuzi kuondoka.

Mungu azibariki familia zetu na watoto wetu.