PROGRAMU ZA SLAIDI ZISIZO NA MALIPO: IPI ITATUFAA?

(Hotuba ya katibu wa elimu mbele ya wajumbe wa Kitengela na Kajiado)



Nimeombwa niseme juu ya slaidi, yaani zile kurasa za picha na maneno zinazorushwa ukutani kwa projekta wakati mtu anapozungumza. Wengine watauliza, je, haya ni mambo ya chama kweli? Ni mambo ya chama. Tukienda kuzungumza na tajiri habari ya mishahara, yeye huja na mhasibu wake, na mhasibu huja na slaidi. Ataonyesha kwa michoro kwamba faida imeshuka, na sisi tumeshika karatasi moja ambayo watu watatu tu waweza kuisoma kwa pamoja. Hoja yetu yaweza kuwa na nguvu kuliko yake, lakini watu hukumbuka walichokiona.

Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, isemayo kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama. Wenzetu wa viwanda vya saruji vya Athi River, wa mashamba ya maua, wa machimbo ya mawe na wa Magadi, wote wana haja ya mafundisho hayo. Picha moja ya barakoa iliyovaliwa vibaya yafundisha habari ya vumbi kuliko robo saa ya hotuba kama hii yangu.

Sasa pesa. PowerPoint, mali ya Microsoft tangu 1987, ni programu nzuri wala siitukani, lakini ile kamili huuzwa, na siku hizi mara nyingi kwa ada ya kila mwezi au kila mwaka. Fedha ya chama ni ile ikatwayo katika mishahara yenu. Najua iko njia nyingine: kwenda saiba, kijana akakuwekea kopi kwa shilingi chache. Hiyo ni kopi ya wizi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yaikataza, na kopi kama hizo mara nyingi huja na virusi. Zaidi ya hayo, chama kinachomdai tajiri afuate sheria hakiwezi kukaa naye mezani na programu iliyoibwa. Akijua, hapo ndipo atakapotushika.

Kwa hiyo tutafute ya bure. Lakini neno bure lina tabia nyingi, ndugu zangu. Iko bure ya kuonja: watumia mwezi mmoja, halafu mlango wafungwa na kazi yako imo ndani. Iko bure ya nusu, ambapo waandika vizuri mpaka unapotaka kuitoa kazi yako, ndipo waambiwa picha ile uliyoichagua ni ya kulipiwa. Na iko bure ya haki, ambayo leseni yenyewe yakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzako, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ya namna hii ya tatu niijuayo vizuri ni LibreOffice, na sehemu yake ya slaidi huitwa Impress. Ilianza Septemba 2010, pale watengenezaji wengi wa OpenOffice walipojitenga na kuunda shirika lao lisilo la faida, lenye makao Ujerumani. (OpenOffice ingaliko, lakini toleo lake kubwa la mwisho, 4.1, ni la 2014, basi msichanganye majina mkachukua lililolala.) Wala jambo hili si geni kwetu Waswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ambayo amri zake zilikuwa kwa Kiswahili.

Impress hukaa ndani ya kompyuta na haihitaji intaneti. Hili nalitilia mkazo, maana kutoka Isinya kwenda Namanga, au kuteremka Magadi, huwezi kuutegemea mtandao kila mahali. Hata mjini hatuna uhakika. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa nzito. Mwalimu ambaye slaidi zake zote zilikuwa mtandaoni alifundisha kwa mdomo. Impress huchukuliwa mara moja tu, ni zaidi ya megabaiti 300, kisha flashi moja yatosha kuipeleka kila tawi bila kununua bando tena.

Ina kasoro. Faili iliyotengenezwa kwa PowerPoint ukiifungua humo, pengine herufi zaruka na maandishi yatoka nje ya ukurasa. Dawa yake ni kuzipitia slaidi zote kabla ya mkutano, na kuhifadhi nakala ya PDF, ambayo hufunguka karibu katika kila kompyuta na simu bila kubadilika sura. Tena haifai kwa mwenye simu peke yake, nao ni wengi wetu.

Kwa hao Google Slides ni nafuu. Ni ya bure kwa mwenye akaunti, hufanya kazi katika simu, na mjumbe wa Magadi aweza kuandika ukurasa mmoja huku wa Kitengela akiandika mwingine saa ile ile. Canva, ya Waaustralia, ni nzuri kwa matangazo na mabango, na walimu wa msingi na sekondari wanaothibitisha kazi yao hupewa toleo kubwa bure. Lakini kwa mafundisho marefu naona yapendeza macho kuliko yanavyofundisha.

Neno moja kali. Kiwango cha mshahara tunachokusudia kudai kisiandikwe katika kompyuta ya tajiri, wala kwa akaunti ya barua ya kampuni, maana msimamizi wa akaunti hizo huenda akaweza kuifungua. Majina na simu za wanachama zisiwekwe katika slaidi kabisa. Iko Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na yatuhusu sisi pia.

Nashauri, basi, madai na mafundisho yote yatengenezwe kwa Impress, na Google Slides itumike kwa kazi isiyo ya siri inayoandikwa na matawi mengi pamoja. Wajumbe wakikubali, kila tawi lilete kompyuta moja na flashi moja katika mkutano ujao, tuiweke programu hapo hapo. Hakuna ada. Wenye kompyuta za zamani wazilete pia, tuzijaribu kwanza kabla ya kuzikataa.