Paka Mchanga Hana Ulafi: Mada Kuhusu Njaa, Saa na Sahani Yake



Nimepewa kuzungumzia ulishaji wa paka mchanga, tangu anapoachishwa ziwa mpaka anapofikisha mwaka. Nitazungumza kama mtu wa pwani, kwa kuwa paka ninaowajua wamezaliwa mvunguni au darini mwa nyumba za mitaa yetu, wakapewa majina na watoto, kisha wakaanza kula kinachobaki. Shutuma wanayotupiwa ni ile ile: "Huyu mlafi, hashibi." Mimi naona mara nyingi paka hana kosa. Analishwa kwa saa za chungu chetu badala ya saa za tumbo lake, tena anapewa kitu kinachomjaza bila kumlisha.

Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na gramu 100 hivi. Akinyonya vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na akifika wiki 8 huwa na gramu 800 au zaidi kidogo. Mwili unaokua kwa kasi hiyo, ukipimwa kilo kwa kilo, hudai nguvu mara mbili hadi tatu ya mwili wa paka mzima, ilhali tumbo la kuipokea ni dogo mno. Hawezi kula kingi kwa mkupuo, na hawezi kukaa kutwa bila kula. Hata paka mzima anayejitafutia hali mlo mmoja mkubwa. Hukamata panya huyu sasa na yule baadaye, usiku na mchana.

Sasa tazameni nyumba zetu. Cha mchana kinaiva saa 8, cha usiku saa 3, na hapo katikati paka hana lake. Ramadhani ndiyo inamchanganya kabisa: kutwa jiko limezimwa, magharibi anamwagiwa mabaki ya futari, mihogo ya nazi na tambi za sukari, halafu daku anamwagiwa tena. Anakula mpaka anatapika, na watu wanacheka kwamba naye alikuwa amefunga. Tambi zenyewe anazipapia kwa njaa na mafuta yake tu, maana utamu haonji. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walieleza kwamba jeni inayohitajika kuonja sukari imeharibika kwa paka.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Tangu kuachishwa ziwa hadi miezi 4, milo minne: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 4 usiku. Miezi 4 hadi 6, mitatu. Baada ya hapo miwili inatosha. Saa zenyewe mnaweza kuzisogeza kufuatana na kazi na shule. Kisichofaa ni leo saa hii na kesho saa ile. Paka hujifunza saa upesi, na akishajua kwamba chake kitakuja, kelele za kuzunguka miguu ya mpishi hupungua. Nyumba ambayo mchana haina mtu inaweza kumwachia chakula kikavu cha dukani, kwa kipimo, kwenye kisahani kilichowekwa ndani ya sinia lenye maji kidogo ili sisimizi wasivuke. Samaki wa kuchemsha asiachwe hivyo. Kwa joto letu, saa moja au mbili tu ameshaharibika.

Kuna tatizo la saa 10 alfajiri ambalo wengi mtalitambua. Paka huchangamka alfajiri na magharibi, ndivyo alivyoumbwa. Analia mlangoni, wewe umechoka, unaamka na kumtupia kipande ili ulale. Kwa kitendo hicho umempangia mlo wa tano, na kesho atakuja kuudai. Dawa yake ni kucheza naye kwa kamba au gunzi kabla ya mlo wa saa 4 usiku, ale, alale. Akilia alfajiri asijibiwe. Siku za mwanzo atazidisha kelele kabla ya kuacha. Anayeamka usiku wa tatu amemfundisha kwamba subira inalipa.

Nije kwenye sahani. Ugali uliorovywa mchuzi wa dagaa unamtuliza kwa muda, ila paka ni mla nyama kwa maumbile, na bila protini ya mnyama hakui. Anahitaji pia kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho mimea haina. Paka akikosa taurini macho hufa pole pole na moyo hulegea. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiua paka wengi Marekani ulitokana na upungufu wa taurini katika vyakula vya viwandani, na watengenezaji wakalazimika kuiongeza. Taurini huyeyuka katika maji. Kwa hiyo ukimchemshia moyo wa kuku au samaki, supu usiimwage. Mpe na supu yake, isiyo na vitunguu wala vitunguu saumu, kwani hivyo huharibu damu ya paka.

Samaki mbichi akiwa ndiye chakula cha kila siku huleta balaa jingine: aina nyingi za samaki zina kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka huanza kuyumba na kuinamisha shingo. Moto hukiondoa. Dagaa wakavu ni wazuri kwa sababu huliwa na mifupa yao, ila waloweke chumvi itoke. Nimeona paka wa nyumba yenye uwezo akichechemea kwa kulishwa steki tupu, kwani nyama isiyo na mfupa haina chokaa ya kutosha. Jirani yake aliyekuwa akila vichwa vya samaki vilivyochemshwa mpaka mifupa ikalainika alikuwa akirukaruka ukutani. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Wapo watakaosema akishiba hatakamata panya. Si kweli. Hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili. Paka aliyeshiba bado huvizia, na mwenye nguvu huvizia vizuri zaidi.

Mlo ukishakuwa sawa na ratiba sawa, bado kuna anayekula kila kitu na hanenepi. Niliwahi kuletewa mmoja wa miezi 3 hivi, tumbo limetuna kama kibuyu, mgongo unahesabika pingili. Mwenyewe akasema amezidi kushiba. Nilipompitisha kidole ubavuni, mbavu zilikuwa wazi. Tumbo lile lilikuwa la minyoo. Watoto wa paka huambukizwa minyoo kupitia maziwa ya mama, na ndiyo maana dawa huanza wakiwa na wiki 3, kila baada ya wiki mbili mpaka waachishwe, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Daktari apime kipimo kwa uzito. Uzito wenyewe si kazi: mtie kwenye ndoo, mpeleke kwenye mzani wa duka la jirani, toa uzito wa ndoo, andika. Fanya hivyo kila wiki. Kama wako watatu wanaokula sinia moja, mzani ndio utakaokwambia nani ananyang'anywa, watengee sahani.

Akishahasiwa au kufungwa kizazi, mambo hugeuka. Hamu ya kula huongezeka na mahitaji hupungua kwa takriban robo. Hapo punguza kipimo, hata akikukodolea macho.

Ombi langu kwenu ni moja. Paka mchanga anayelilia chakula anaweza kungoja saa yake ifike. Aliyekikataa asingoje: akipitisha siku nzima bila kula, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na msimpe parasetamoli kwa kudhani ana homa. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua.