Siki, Dakika Moja na Mlango wa Kizazi

Kwa mama wa Kayole, Dandora au Umoja jijini Nairobi, saratani ya mlango wa kizazi ingali ni jambo la minong'ono. Wapo wanaoiita laana, na wapo wanaoitaja kama ushahidi wa umalaya. Hayo ya pili ndiyo yanayoua, kwa kuwa nani atapanga foleni ya kliniki majirani wakimtazama?

Chanzo chake kinajulikana: virusi vya HPV, ambavyo huwapata watu wengi wanaoshiriki ngono, hata mke mwenye mume mmoja. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Visipotoka, huchukua hata miaka 15 au 20 kuzaa saratani. Anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu, muda huo humpungukia sana.

Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuuwahi ugonjwa. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutafuta madoa meupe. Yakionekana mapema, huweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, pengine siku hiyo hiyo. Kipimo cha HPV chenyewe ni bora zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli.

Chanjo nayo Kenya iliizindua mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Baadhi ya madaktari Wakatoliki waliipinga, na uvumi kwamba inaleta utasa ukasambaa, ingawa utafiti haujauthibitisha. Kina baba, jambo hili ni lenu pia.