Mwenye Mtambo: Magazeti na Redio za Tanzania Tangu 1888

Kipindi cha leo kinafuata swali moja katika historia ya vyombo vya habari vya Tanzania: mtambo ulikuwa wa nani? Kwa mtambo tunamaanisha mashine ya kuchapia, mnara wa redio, na hata fedha ya kununulia karatasi. Wahariri huja na kuondoka, majina ya magazeti hubadilika, lakini ukishamjua mwenye mtambo umejua mengi juu ya yale yaliyoandikwa na yale yaliyonyamaziwa.

Tuanzie Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Katika shule ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA lilianza kuchapwa jarida la Msimulizi, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kwanza kwa Kiswahili. Miaka michache baadaye wamisionari hao hao walitoa Habari za Mwezi huko Magila, karibu na Muheza. Serikali ya Wajerumani nayo ikaona faida ya jambo hilo. Mwaka 1904 shule yake ya Tanga ilianza kutoa Kiongozi, gazeti lililowafikia walimu na makarani waliokuwa wakiendesha ofisi za mkoloni. Waafrika waliandika katika kurasa hizo, tena kwa Kiswahili cha kupendeza. Mashine, hata hivyo, ilikuwa ya mzungu: wa kanisa au wa serikali.

Walipokuja Waingereza, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923. Lilikuwa la kila mwezi, na watu walilipenda kwa dhati. Sababu si hotuba za magavana wala maelezo ya kilimo cha pamba. Watu walilipendea mashairi na barua. Malenga wa Tanga alitega fumbo, malenga wa bara akalifumbua toleo lililofuata, na wengine wakaingilia kati kuwakosoa wote wawili. Shaaban Robert ni mmoja wa waliosomwa humo. Lakini siasa ilichujwa. Gazeti la serikali halikuwa mahali pa kuuliza kodi inakwenda wapi.

Aliyeuliza alikuwa Erica Fiah. Huyu alikuwa Mganda aliyehamia Dar es Salaam, mwenye duka mjini, na mwaka 1937 alianzisha gazeti lake, Kwetu. Kati ya magazeti yaliyomilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika, hili ndilo la kwanza lenye sauti kali. Fiah aliandika juu ya mishahara, juu ya biashara ya Waafrika iliyobanwa, juu ya dharau waliyoipata watu weusi mjini. Hakuwa na benki nyuma yake wala misheni. Kila toleo lilitoka kwa kuhangaikia fedha. Katika historia nzima ya habari nchini, Fiah anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

Wakati huo huo walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu walikuwa na gazeti lao, Tanganyika Standard, lililoanza Januari 1930. Lilikuwa tawi la East African Standard ya Nairobi, ambayo nayo asili yake ni gazeti lililoanzishwa Mombasa na mfanyabiashara wa Kihindi, A. M. Jeevanjee, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miaka 40 gazeti hilo lilitazama nchi kwa macho ya watu wachache sana.

Sasa tufike miaka ya 1950, maana hapa mambo yanachangamka. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954 ikiwa haina gazeti. Ilisaidiwa na Mashado Plantan, mwenye gazeti la Zuhra, aliyeziingiza habari za chama katika kurasa zake. Mwaka 1957 likaja Mwafrika. Mwaka uliofuata wahariri wake wawili, Robert Makange na Rashid Kheri Baghdelleh, wakafungwa kwa kesi ya uchochezi.

Chama chenyewe kilitoa karatasi iliyoitwa Sauti ya TANU. Haikuwa gazeti la kiwandani. Ilipigwa taipu kwenye stensili, ikazungushwa kwa mashine ya mkono, ikasambazwa kwa watu waliokwenda safari. Mwaka 1958 makala moja iliyowashutumu maofisa wa wilaya ilimfikisha kiongozi wa chama, Julius Nyerere, mahakamani Dar es Salaam kwa kosa la kashfa. Wakili wake, D. N. Pritt, alisafiri kutoka Uingereza. Nyerere alipatikana na hatia, akapewa achague kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Uchaguzi ulikuwa wiki chache mbele, na kiongozi aliyekaa gerezani asingeweza kukiongoza chama. Serikali ya kikoloni, yenye redio na magazeti na wino usiokauka, ilikuwa imetikiswa na karatasi za stensili.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa, TANU ilikuwa na gazeti lake kamili: Uhuru. Mwaka 1964 likaongezeka The Nationalist kwa Kiingereza. Lakini gazeti ambalo wazee wengi wa Dar es Salaam bado wanalikumbuka kwa tabasamu ni Ngurumo. Lilianza 1959, mali ya mpiga chapa wa Kihindi aliyeitwa Randhir Thaker, na liliuzwa senti 10. Lilikuwa dogo, lenye habari fupifupi za mitaani na vibweka, na lugha yake ilikuwa ile ile ya vijiweni. Mchukuzi wa bandarini aliweza kulinunua asubuhi akiwa bado na nauli mfukoni. Lilipita salama katika miaka ambayo mali nyingi za watu binafsi zilitaifishwa. Kilicholimaliza mwaka 1976 ni uchakavu. Mitambo ilikuwa imezeeka, na mwenyewe hakuweza kuleta mipya katika nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni. Hakuna aliyelipiga marufuku. Lilikatika tu, na Tanzania Bara ikakaa miaka mingi bila gazeti la kila siku la mtu binafsi.

Redio ilichelewa kuja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951 katika studio ndogo, ikisikika mjini na jirani tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika kwa mfano wa BBC, na mwezi Julai 1965 serikali ililivunja shirika hilo, ikaifanya redio kuwa idara ya wizara. Ndipo lilipozaliwa jina ambalo kizazi kizima kilikua nalo: Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD.

Ni rahisi leo kuitazama RTD kama kipaza sauti cha serikali, na kweli ilikuwa hivyo. Taarifa ya habari ilianza na kiongozi alichosema, ikaishia na alichosema msaidizi wake. Ila anayeishia hapo tu hajaitendea haki. Mwaka 1973 RTD ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12. Vijijini watu walikusanyika kwa vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Karibu watu milioni 2 walishiriki, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hakuna kituo cha biashara kilichowahi kufanya jambo la ukubwa huo nchini, kwa sababu mwanakijiji wa Kondoa hana cha kumlipa mtangazaji.

RTD pia iliwapa masafa wapigania uhuru. Kutoka Dar es Salaam, FRELIMO ilizungumza na Msumbiji, ANC na Afrika Kusini, SWAPO na Namibia. Nyumbani, ilikuwa na Mazungumzo Baada ya Habari, na Ugua Pole kwa wagonjwa walio hospitalini. Na ilikuwa na muziki. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi zilizotaka kusikika zilipanga foleni kurekodi katika studio za RTD. NUTA Jazz, Mlimani Park na nyinginezo ziliacha humo kazi ambazo hazikurekodiwa popote pengine. Kanda hizo zilibaki mali ya redio. Wanamuziki wengi walizeeka wakisikia nyimbo zao zikipigwa kila siku, bila mapato ya kustahili jina hilo, na hili ni deni ambalo taifa halijalilipa.

Turudi kwenye magazeti. Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 lilivitaja vyombo vya habari katika orodha ya njia kuu za uchumi zinazopaswa kumilikiwa na umma, pamoja na ardhi, misitu, madini na mabenki. Miaka mitatu baadaye, Februari 5, 1970, serikali ililitaifisha gazeti la Standard, yaani Tanganyika Standard ya zamani, kutoka kwa kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Rais Nyerere mwenyewe alichukua cheo cha Mhariri Mkuu, na kazi ya kila siku akampa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini na mwanachama wa ANC aliyekuwa uhamishoni.

Katika toleo la kwanza la zama mpya, Nyerere aliandika kwamba gazeti litakuwa huru kuwakosoa viongozi wa chama na serikali. Ginwala aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi gazeti lilikuwa la kusisimua, lenye mabishano makali juu ya ujamaa, kiasi kwamba walioliita la wazungu walianza kulisoma, na waliolisoma zamani wakaanza kulilalamikia. Julai 1971 Rais Nimeiri wa Sudan aliwanyonga viongozi wa Kikomunisti, na gazeti likamshutumu waziwazi. Ginwala aliondolewa. Hakuwa amemkosoa kiongozi wa TANU. Alikuwa amemgusa rais wa nchi rafiki, na hapo ukomo wa ahadi ukaonekana. Miaka 23 baadaye alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru.

Aprili 26, 1972 Standard na The Nationalist ziliunganishwa kuwa Daily News, chini ya mhariri Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa tatu. Sheria ya Magazeti ya 1976 ikampa waziri uwezo wa kulifunga gazeti lolote kwa maslahi ya umma, kama atakavyoyapima yeye. Sheria hiyo iliishi miaka 40, hadi 2016, na ile iliyochukua nafasi yake nayo ililalamikiwa na waandishi tangu siku ya kwanza.

Televisheni? Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani. Bara ilingoja hadi 1994. Serikali iliiona kuwa anasa kwa nchi ambayo vijiji vyake havina maji ya bomba.

Mfumo wa vyama vingi ulirejea 1992, na sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi. Aliyeingia kwa kishindo ni Reginald Mengi, mhasibu kutoka Kilimanjaro aliyepata utajiri wake wa kwanza kwa kuunganisha kalamu za wino. Kampuni yake ya IPP ilileta ITV, Radio One, The Guardian na Nipashe katika muda mfupi mno. Dar es Salaam ilisikia watangazaji wakicheka hewani, wasikilizaji wakipiga simu kulalamikia shirika la maji na mabasi mabovu. Mwanza ilipata Radio Free Africa, Arusha ikawa chimbuko la Clouds, iliyowapa vijana wa bongofleva jukwaa ambalo RTD haikuwapa. Sheria iliwabana wawekezaji wa nje kwa kutaka Watanzania wawe na hisa nyingi katika kituo cha utangazaji. Upande wa magazeti ilikuwa tofauti: Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, lilinunuliwa na Nation Media Group ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa na Aga Khan.

Kati ya hadithi zote za kipindi hicho, iliyo ya kutafakariwa zaidi ni ya Habari Corporation. Mwaka 1993 waandishi wenyewe, akiwemo Jenerali Ulimwengu, walianzisha Rai, gazeti la wiki la makala ndefu na hoja nzito. Baadaye wakaongeza Mtanzania. Kama enzi za Fiah, walioandika ndio waliokuwa wenye mali, na hilo lilionekana katika ujasiri wa kurasa. Lakini karatasi hununuliwa kwa fedha taslimu, na matangazo hutolewa na serikali na makampuni makubwa. Madeni yalipozidi, kampuni iliangukia mikononi mwa Rostam Aziz, mfanyabiashara na mbunge wa chama tawala, ikawa New Habari. Desemba 2020 ilisimamisha uchapishaji, na kurasa za Rai zikabaki maktaba.

Huko Terrat, Simanjiro, Wamaasai walichagua njia nyingine. Mwaka 2002 walianzisha Redio Orkonerei, inayotangaza kwa Kimaasai na Kiswahili, mali ya jumuiya yao. Vipindi vyake ni juu ya malisho, magonjwa ya ng'ombe, migogoro ya ardhi na elimu ya wasichana, na mtu aliyepotelewa na mifugo anaweza kutoa tangazo hewani ili majirani wamsaidie kutafuta.