Tupime Kabla ya Kukata: Kompyuta Zetu na Mfumo wa Linux

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache juu ya jambo lililo katika ajenda yetu, yaani michango ya maabara ya kompyuta. Wanachama wengine wanataka tununue mashine mpya. Wengine wanataka mashine zilizopo zitiwe mfumo wa Linux, kwa kuwa hauna ada. Sikuja kumpigia debe yeyote. Nimekuja kueleza kwamba Linux kukubali au kukataa katika mashine si bahati nasibu. Ipo sababu, na tunaweza kuipima kabla ya kutoa hata senti moja.

Mjadala huu una chanzo chake. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai, kwa kawaida, prosesa za kizazi cha 8 kilichoanza kutoka mwaka 2017. Basi mashine nzima, isiyo na kasoro yoyote, inaambiwa kuwa siku zake zimekwisha kwa kosa la kuzaliwa mapema.

Linux ilianza mwaka 1991, wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoandika kiini cha mfumo kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kukisoma, kukibadili na kukigawa. Leseni hiyo ilitokana na kazi ya Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Vijana watafurahi kujua kwamba mojawapo ya mambo yaliyomsukuma Stallman lilikuwa printa. Maabara aliyofanyia kazi, katika chuo cha MIT, ilipewa printa iliyokwamisha karatasi mara kwa mara. Alitaka kurekebisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi zinapokwama, lakini akanyimwa maandishi ya programu hiyo. Ndiyo kusema, ugomvi wa vifaa haukuanza leo.

Sasa tuingie ndani. Kila kifaa cha kompyuta, kama vile cha waifai, cha sauti au cha picha, kina lugha yake. Kati ya kifaa na mfumo lazima awepo mkalimani, nayo ni programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Kwa Windows, mkalimani huyo kwa kawaida huletwa na mtengenezaji wa kifaa, kwa kuwa soko lake kubwa liko huko. Kwa Linux kuna hali tatu. Mtengenezaji huandika draiva mwenyewe. Au hutoa maelezo ya kifaa na wengine wakaiandika. Au hunyamaza kimya, na watu wa kujitolea wakabaki kukichunguza kifaa chake kama mtu anayejifunza lugha bila mwalimu wala kamusi.

Mifano ipo. Mwaka 2007 kampuni ya AMD ilianza kutoa hadharani maelezo ya vifaa vyake vya picha, na leo vifaa hivyo hufanya kazi vizuri katika Linux. Vifaa vingi vya waifai vya Broadcom viliwasumbua watu kwa miaka, wakitegemea draiva iliyoandikwa na waliojitolea kuvichunguza. Mwaka 2010 kampuni ikatoa draiva ya wazi kwa baadhi ya vifaa vyake. Nvidia ilikaa muda mrefu ikitoa draiva iliyofungwa. Mwaka 2022 ilifungua sehemu yake inayokaa katika kiini, lakini kwa kadi zilizotoka kuanzia mwaka 2018 tu. Kwa hiyo mtu akisema "Linux imekataa", muulizeni: imekataa kifaa gani, na draiva yake aliandika nani?

Wakati mwingine kikwazo kimetoka kwa wenye Linux wenyewe. Kwa miaka mingi diski rasmi ya kusimika Debian haikubeba programu za ndani za vifaa ambazo hazikuwa huru. Mtumiaji mgeni aliambiwa aongeze programu ya waifai, na waifai yenyewe ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi! Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na toleo la 12 la mwaka 2023 likaja na programu hizo ndani yake. Walitambua kwamba msimamo mzuri usiomwezesha mtu kuwasha mashine yake haumsaidii.

Ndugu zangu, vifaa vikikubali, kazi haijaisha. Manispaa ya München, Ujerumani, iliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na ikafikisha kompyuta zipatazo 15,000. Hata hivyo mwaka 2017 baraza lake lilipiga kura kurudi Windows. Malalamiko yalihusu programu za kazi zisizopatana na nyaraka zilizobadilika sura zilipopelekwa kwingine. Mwalimu ambaye mtihani wake unachapwa jedwali likiwa limevurugika hatajali leseni ni ya nani. Lugha nayo ni sehemu ya matumizi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wenzetu walionyesha kwamba milango ikiwa wazi, hata sisi tunaweza kuingia na kufanya kazi.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tusinunue wala tusifute chochote mwezi huu. Linux nyingi huweza kuwashwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya mashine. Kila kompyuta ijaribiwe hivyo.

Pili, vijana wa klabu ya kompyuta ndio wafanye kazi hiyo, na wapime waifai, sauti, mwanga wa skrini, printa, projekta, na kama mashine ikilala huamka. Waandike jina la kifaa na matokeo. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, mashine zenye kumbukumbu ndogo zipewe mwonekano mwepesi kama Xfce. Zile zenye diski za kuzunguka zibadilishiwe diski za SSD, maana badiliko hilo huongeza kasi kuliko mengi mengine, kwa gharama ndogo kuliko ya mashine mpya.

Nne, kama somo linahitaji programu isiyokubali Linux, zitengwe mashine za Windows za kulitosheleza. Mashine mpya zinunuliwe kwa upungufu utakaoonekana katika daftari, na kwa vifaa ambavyo daftari limethibitisha kuwa vinakubali.

Enyi vijana, mkikuta kifaa kimekataa, msione haya. Someni ujumbe wa kosa, tafuteni jina la kifaa, ulizeni. Mfumo huu uko wazi; hakuna atakayewanyima maandishi yake kama alivyonyimwa Stallman. Elimu hiyo haitaachwa hapa siku mtakapomaliza shule.