Upepo Ukilegea, Bahari Huona Njaa

Ukitaja El Niño Afrika Mashariki, wengi hukumbuka mvua za mwaka 1997, barabara zilizokatika na mashamba yaliyozama. Huko Peru, ng'ambo ya dunia, El Niño hiyo hiyo iliwaua watoto wa sili kwa njaa. Njaa hiyo ilianzaje?

Pwani ya Peru upepo wa kusini huvuma karibu mwaka mzima. Ukichangiwa na mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake, yakiwa na naitreti na fosfeti tele. Bahari hapo ni sufuria ya mchuzi: minofu imetuama chini, na upepo ndio mwiko.

Rutuba hiyo ikipata jua, huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Vijidudu vya majini huila. Anchoveta, jamaa wa dagaa mcheli wetu, hula vijidudu na mimea. Naye huliwa na mnandi, mwari, sili na binadamu.

El Niño ikija, pepo za Pasifiki hulegea, na maji ya joto husogea hadi Peru. Tabaka la joto huwa nene. Hata upepo wa pwani ukiendelea kuvuma, mwiko haufiki chini: yanayopanda ni maji ya vuguvugu, yasiyo na rutuba. Anchoveta hukimbilia kusini au kilindini, na ndege hutelekeza makinda.

Lakini anchoveta walipoadimika miaka ya 1970, joto halikuwa na hatia peke yake. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta. El Niño ya 1972 ikawabana samaki kwenye maji baridi machache yaliyobaki karibu na ufuko, na meli zikawazoa kirahisi. Mwaka 1973 hazikupatikana hata tani milioni 2, na wingi wa zamani haukurejea hadi miaka ya 1990.

Mwaka 2023 joto lilirudi, na watafiti wakakuta samaki wengi ni wachanga. Serikali ikafuta msimu wa kwanza wa uvuvi kaskazini na kati mwa nchi. Viwanda viliumia, lakini mwaka 2024 anchoveta walivuliwa tena kwa wingi.

Upepo hatuuamrishi, nyavu tunaziamrisha. Mvuvi unayenisikiliza, ukitangaziwa kuwaacha samaki wachanga wakue, waache: ndio mavuno yako ya msimu ujao.